Hatua Arobaini za Bi Sikitu

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na hapa, kwa hiyo msikilizaji akijiona ndani yake ajue ni macho yake yanamdanganya. Mimi niliambiwa tu. Aliyeniambia naye aliambiwa, na yule wa kwanza kabisa kuisimulia hayupo tena wa kuulizwa. Haya, sogeeni karibu. Wenye migongo mizima waegemee ukuta.

Katika nchi hiyo nyumba zote za mjini ziliandikwa kwenye madaftari mawili. La kwanza liliitwa Daftari la Heshima, la pili Daftari la Subira. Nyumba iliyomo kwenye Heshima ilikuwa nyumba. Nyumba iliyomo kwenye Subira ililipiwa kodi sawasawa na mwenzake, ila kisheria haikuwapo. Ikishika moto, gari la zimamoto lilikuja, wazima moto wakashuka, wakasimama mikono kiunoni wakitazama, maana kisheria hakukuwa na kitu kilichokuwa kinaungua. Mwaka mmoja watu watano waliteketea Mtaa wa Mikorosho, na Manispaa ikaandika rambirambi kwa ndugu wa marehemu "waliofariki wakiwa uwanjani." Barua nzuri tu, yenye mhuri.

Nyumba ya Bi Sikitu ilikuwa kwenye Subira. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mpika vitumbua, mwenye ulimi uliokuwa umeshawagombanisha majirani wote na kuwapatanisha tena. Nyumba ile aliijenga na mumewe tofali kwa tofali kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe, marehemu Fungameza, alilala nyuma ya jiko, chini ya kaburi la saruji alilolisakafia mwenyewe Bi Sikitu kwa mwiko wa kuazima.

La kuchekesha ni kwamba marehemu alikuwa mpimaji wa Manispaa. Mji mzima aliupima yeye, na nyumba yake ikabaki kwenye Subira. Ndiyo mambo ya mganga hajigangi.

Nchini humo hapakuwa na kamba ya kupimia. Kamba zilikuwa zinatoka nje ya nchi, na Serikali iligundua kwamba futi za wageni zina nia mbaya. Kipimo halali kilikuwa kimoja: Hatua ya Mpimaji wa Manispaa. Mpimaji anatembea, karani anahesabu, daftari linaandikwa, basi. Sasa, marehemu Fungameza katika ujana wake alitumwa kupima ukuta wa mheshimiwa mmoja, akaandika idadi ya kweli. Alirudishwa nyumbani kwa mkokoteni. Mguu wake wa kushoto ulivunjwa chini ya goti na virungu vya mgambo, ukaunga vibaya, na tangu siku ile alitembea kwa kuuburuta: kwa! shaa. Kwa! shaa. Kwa hatua hizo za kilema akaupima mji wote, nyumba kwa nyumba, miaka thelathini, na hakuna ofisini aliyeuliza lolote. Nyumba yake mwenyewe aliipima hatua arobaini.

*

Siku moja Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," akasema, "Serikali yenu sikivu imesikia kilio chenu, na imeamua kukikomesha."

Watu wakapiga makofi. Waliochelewa kupiga walisaidiwa.

"Leo nazindua Operesheni Pandisha! Kila nyumba iliyomo kwenye Subira itapandishwa kwenye Heshima. Mchakato ni rahisi, ni wa wazi, ni rafiki kwa mwananchi. Mna siku thelathini. Siku ya thelathini, adhuhuri, Daftari la Subira litafungwa, na vilivyomo ndani yake vitafungwa pamoja nalo. Matingatinga yako tayari, yametiwa mafuta, na yamesomewa dua."

Bi Sikitu alikuwa mstari wa mbele na beseni lake la vitumbua. Hakupiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, na kwa kosa hilo alipata kirungu kimoja cha bega. Hakukisikia sana. Alikuwa anafikiria kaburi la nyuma ya jiko, na tingatinga lina upana gani.

*

Ofisi ya Daftari ilikuwa na madirisha saba. Kila dirisha lilitakiwa kutoa risiti ya kuonyesha kwamba mwananchi amepita, lakini karatasi zote za Manispaa zilikuwa zimekwisha kwa kuchapa picha ya Waziri akizindua. Serikali haishindwi na karatasi. Wakaamua risiti ziandikwe mgongoni. Dirisha la kwanza bakora moja, la pili mbili, hivyo hivyo mpaka la saba. Anayefika mwisho anafunua mgongo, karani anausoma.

Msidhani hapakuwa na adabu. Sheria ilisema mtu mzima asipigwe kabla ya kuamkiwa.

"Shikamoo, mama," akasema mgambo wa dirisha la kwanza, kijana safi, viatu vinang'aa.

"Marahaba, baba."

Pa!

"Karibu dirisha la pili, mama."

Bi Sikitu alipita yote saba kwa siku mbili. Nyuma ya pazia, karani mmoja mama mwenye miwani alimsomea mgongo kwa kidole, akitikisa kichwa.

"Dirisha la nne naona tatu tu."

"Zilikuwa nne, mwanangu. Moja iliangukia kwenye khanga."

"Khanga haimo kwenye daftari, mama. Rudi la nne."

Alirudi la nne. Aliporudi kwa karani, karani akaridhika, akamwambia mpimaji atakuja nyumbani kwake. Lini? Zamu ikifika. Na akamkumbusha sharti: risiti ni halali kwa muda wote inapovimba. Ikipona, imekwisha muda wake, mwananchi anaanza upya dirisha la kwanza.

Hapo ndipo Mtaa wa Mikorosho wote ulipochanganyikiwa. Mpimaji haji, na migongo inapona. Watu wakawa wanamwomba Mungu awacheleweshee afya. Bi Mashavu, jirani wa Bi Sikitu, mwanamke mnene mpenda utani, ndiye aliyepata akili ya kwanza. Alikuja asubuhi na mwiko wa ugali.

"Shoga, nihuishie risiti, nami nikuhuishie yako."

Walianza kwa upole, kama watu wanaokandana. Siku ya nne Bi Mashavu alipiga kwa nguvu kidogo. Siku ya tano Bi Sikitu akalipa. Siku ya sita Bi Mashavu akakumbuka kuku wake mtetea aliyepotea mwaka ule wa mvua nyingi, akataka kujua Bi Sikitu alimla na nani. Damu ikatoka. Mwiko ukavunjika. Mtaa mzima ulikuwa hivyo: mume na mke, mama mkwe na mkamwana, imamu na jirani yake mzee wa kanisa, kila nyumba paa, paa, paa, na Manispaa haikuwa imetuma hata mgambo mmoja. Kamishna wa Daftari, Bwana Bazige, alipita kwa gari akasikiliza, akasema amefarijika kuona wananchi wanamiliki mchakato.

*

Mpimaji alikuja siku ya thelathini yenyewe, saa nne asubuhi. Aliitwa Yoramu, kijana mrefu, ndiyo kwanza ameajiriwa, mkewe ana mimba. Pamoja naye walikuja karani wa kuhesabu, mgambo sita, Kamishna Bazige chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu, na tingatinga, likasimama nje na injini ikinguruma, ili kuokoa muda.

"Shikamoo, mama," akasema Yoramu.

Bi Sikitu akakaza mgongo, akasubiri. Hakikuja kitu. Kijana alikuwa anamwamkia tu. Kisha akavua viatu mlangoni asichafue sakafu, jambo ambalo mtu wa Serikali hakuwahi kulifanya nchini humo, na mgambo mmoja akaliandika.

"Marahaba, mwanangu. Kula kitumbua kwanza."

Alikula viwili. Akasimama penye kizingiti, akaanza kuizunguka nyumba, karani akihesabu. Miguu ile mirefu, mizima! Alipofunga mzunguko, karani alikuwa na ishirini na saba.

Kamishna akafungua daftari. "Hapa imeandikwa arobaini."

Hata tingatinga kama lilipunguza kunguruma.

"Rudia," akasema Kamishna.

Yoramu akamtazama Bi Sikitu, akaelewa. Akaanza tena, safari hii kwa hatua fupifupi, kama mtu anayebanwa na kanzu. Alikuwa amefika kumi na nane tu mbele ya dirisha la kwanza la nyumba ile mgambo alipomchapa shingoni.

"Hatua ya Serikali haifupishwi!"

Akarudia mara ya tatu damu ikimtiririka kolani. Ishirini na saba.

"Mama," akasema Kamishna kwa huzuni ya mtu aliyesomea huzuni, "Daftari haliwezi kukosea. Hiyo ni ibara ya kwanza. Kwa hiyo nyumba hii ni ya hatua arobaini, na hatua kumi na tatu zimeibwa. Ziko wapi?"

"Baba, hatua zinaibwaje?"

"Shikamoo, mama," akasema mkubwa wa mgambo.

Hakuwahi kujibu. Kirungu cha kwanza kilimkuta tumboni, cha pili kwenye vidole alipojaribu kushika ukuta. Mgambo wakaingia ndani kutafuta. Walipasua godoro. Walibomoa dari, wakapanda juu, wakadondoka pamoja nayo. Walivunja ukuta wa chumba cha kulala kwa nyundo, wakachungulia katikati ya matofali, wakavunja na wa sebule. Mmoja alitoa sufuria ya unga wa vitumbua, akaimwaga uani, akaikanyagakanyaga kwa uangalifu. Bi Mashavu aliyekuja kupiga kelele aling'olewa meno mawili, na yakaorodheshwa kama vielelezo.

"Huko nyuma kuna nini?" akauliza mkubwa wa mgambo.

"Kaburi la mume wangu," akasema Bi Sikitu, amekaa chini, mdomo umejaa damu.

"Refu kiasi gani?"

"Hatua mbili. Baba, nakuomba. Mbili tu."

"Basi mbili tumezipata," akasema yule mkubwa kwa furaha ya kweli. "Leteni sululu!"

Sululu ya kwanza ilipogonga saruji, Bi Sikitu alisikia kama imegonga kifua chake. Akainuka. Wala hakujua nguvu alizitoa wapi. Akampita mgambo, akaenda akaanguka mbele ya mwavuli wa Kamishna.

"Daftari halijakosea!" akalia. "Nyumba haijakosea! Ni miguu! Aliyepima ni mume wangu, alikuwa kilema, anaburuta mguu. Hatua zake arobaini ni hatua za kilema!"

Kamishna akainua kidole. Sululu ikasimama hewani.

"Alizaliwa kilema?"

"Alivunjwa, baba."

"Na nani?"

Bi Sikitu akameza mate na damu. "Na mgambo. Kazini."

"Kwa hiyo," akasema Kamishna taratibu, na uso wake ukaanza kung'aa, "kilema chenyewe kilikuwa cha kiserikali."

"Ndiyo, baba."

"Kilitolewa na mamlaka husika."

"Ndiyo."

"Basi hicho ndicho kipimo halali!" Akapiga paja. "Ndugu zangu, tulikuwa gizani. Daftari halina kosa, mama hana kosa, nyumba haina kosa." Akamgeukia Yoramu. "Wewe, kijana, muda wote huu umekuwa ukitembea mjini kwetu na miguu isiyoruhusiwa."

Yoramu akarudi nyuma. Mgambo wawili walikuwa wameshamshika makwapani.

"Wahenga walisema," akaendelea Kamishna, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu, mimi nimesikia yote! Kila ulichosema nimesikia!"

"Ndiyo maana hatukupigi kichwani."

Wakamlaza uani, juu ya unga. Kijana hakupiga kelele bado. Alikuwa anamtazama Bi Sikitu, mdomoni ana chembe za kitumbua. Mkubwa wa mgambo akainua rungu, kisha akasita, maana alikuwa mtu wa utaratibu.

"Mguu upi, mkuu?"

Kamishna akalipekua daftari, halikusema. Akamwinamia Bi Sikitu kwa heshima.

"Mama, wewe ndiye shahidi. Mguu upi?"

Injini ya tingatinga ilipandishwa. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Bi Sikitu akaitazama nyumba, kuta zake mbili zilizobaki na mlango. Akaitazama sululu iliyoegemezwa kaburini. Angeweza kusema amesahau. Angeweza kusema mwanangu huyu hana kosa, nivunjeni mimi. Maneno hayo aliyatafuta baadaye miezi na miezi, na kila siku aliyapata yako tayari, yamepangwa vizuri. Siku ile hayakuwapo.

"Wa kushoto," akasema. "Chini ya goti."

*

Walimvunja kwa rungu mara tatu, kwa sababu mfupa wa kijana ni mgumu. Mlio wake sitauelezea. Kisha wakamwinua akatembea. Mgambo mmoja kulia, mwingine kushoto, karani nyuma. Kwa! shaa. Kwa! shaa. Penye hatua ya thelathini na moja alizimia, wakammwagia ndoo ya maji, na Kamishna akatoa ufafanuzi kwamba kuzimia hakuvunji hesabu. Alipogusa kizingiti karani alisema arobaini kamili, na sauti yake ikapasuka kwa furaha.

Mtaa wa Mikorosho ulilipuka kwa vigelegele. Ndiyo, vigelegele! Walikuwa wamekaa mwezi mzima wakipigana miiko, na sasa mpimaji halali amepatikana, na Kamishna ameiahirisha adhuhuri mpaka mtaa mzima upimwe. Wakambeba Yoramu juujuu, wakampeleka kwa Bi Mashavu, akapima. Kwa imamu, akapima. Kila aliyetaka nyumba yake alimshika mkono, akamfuta jasho, akamwambia pole baba, bado nyumba tatu tu. Manispaa ikatoa waraka: ni marufuku kwa mganga wa mifupa yeyote kumkaribia, kwani mguu ukinyooka mji mzima utapungua.

Bi Sikitu alipewa hati yake. Daftari la Heshima, ukurasa wa mia mbili na sita: nyumba moja, hatua arobaini, hali njema. Aliitundika kwenye ukuta uliobaki. Kaburi lilipona, lina ufa mmoja tu wa sululu, akauziba kwa saruji.

*

Wiki sita baadaye, alasiri, mtu akabisha hodi. Alikuwa mwanamke kijana, mimba imemfika kifuani, mkononi ameshika chupa ya mafuta ya nyonyo.

"Shikamoo, bibi."

Mgongo wa Bi Sikitu ukakaza wenyewe, ukasubiri. Hakikuja kitu.

"Marahaba."

"Mimi naitwa Stamili. Mke wa mpimaji." Alisimama kizingitini, hakutaka kukaa. "Mume wangu halali, bibi. Mguu unamchoma usiku kucha, na mganga amekatazwa kuja kwetu. Nimeambiwa wewe uliishi na mguu kama ule miaka thelathini. Ulikuwa unaukanda na nini?"

Bi Sikitu alitafuta pa kuweka mikono yake. "Nani amekwambia uje kwangu?"

"Yeye mwenyewe. Amesema wewe utaujua. Amesema ulipoulizwa siku ile ulijibu bila kukosea."

Bi Sikitu akawasha moto uani, akabandika maji, akatia chumvi ya mawe. Akamwonyesha namna ya kukunja kitambaa, namna ya kuanzia kwenye kifundo na kupanda juu, kamwe si kushuka, na mahali pa kubonyeza kwa kidole gumba mpaka mtu atukane. Mikono yake ilijua yote hayo bila yeye. Mafuta aliyakataa. "Haya hayasaidii. Tumia chumvi."

"Utapona?" akauliza Stamili.

"Hautapona, mwanangu. Utazoea tu. Hata usipomwona, utamsikia kwa mbali, utajua ndiye, utakwenda kumfungulia."

Stamili akaanza kulia, kimyakimya, akijifuta kwa upindo wa khanga. Bi Sikitu alitaka kusema yale maneno aliyokuwa akiyapanga wiki hizi zote, akafungua mdomo.

Nje, mtaani, mtu alikuwa anakuja taratibu kumfuata mkewe. Kwa! shaa. Kwa! shaa. Bi Sikitu aliinuka kwa haraka kama alivyoinuka kila alasiri kwa miaka thelathini, akasawazisha khanga, akaenda mlangoni, na mkono wake ulikuwa umeshashika komeo kabla hajakumbuka kwamba anayekuja si mume wake.